Jamaa na shamba: Mashini ya kulimia, pima kwanza, nunua kisha



Kila mwaka, jua la mwezi wa kumi linapochoma na mawingu ya kwanza yanapoonekana, jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Fungurume zinajiuliza neno moja: nani atalima? Vijana wako ku masomo ama ku kariere. Mgongo wa baba si ule wa zamani. Mama peke yake na jembe lake hamalizi. Hapo mtu mmoja katika nyumba anasema: « Tununue mashini. » Na kama kuna pesa kidogo, pesa za mwisho wa kazi, zamu ya likelemba, ama pesa mtoto aliyetuma, neno hilo linaingia moyoni haraka.

Mwezi huu tunazungumza juu ya mashini moja ambayo wengi wanaitamani: ile yenye kufungwa nyuma ya trakta, yenye mti wa chuma na visu vingi vilivyopindika kama herufi L. Injini ya trakta inazungusha ule mti, na visu vinakata udongo, vinauvunja na kuuchanganya. Hatutaki kuwakataza. Tunataka mhesabu pamoja nasi kabla ya kutoa pesa, maana pesa ya namna hiyo inaingia katika nyumba mara moja tu. Mnakumbuka miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Jamaa ngapi ziliuliza siku hizo: tufanye nini na pesa hii?

1. Pima bustani yako

Chukua kamba, pima. Tuseme bustani ina mita 20 kwa 25. Ni mita za mraba 500, ni kusema ari 5. Mashini yenye upana wa mita 1 na sentimita 25, trakta ikienda polepole, kilomita 2 kwa saa, inalima mita za mraba 2,500 katika saa moja. Bustani yako inakwisha kwa dakika 12! Weka wakati wa kugeuka, useme nusu saa. Ukilima mara mbili kwa mwaka, ni saa moja. Siku zingine zote, mashini inalala chini ya muembe na kushika kutu.

Angalia tena neno la kugeuka. Trakta ndogo na mashini nyuma yake inataka karibu mita 4 kila upande ili igeuke. Katika bustani yetu ya mita 20 kwa 25, mita 4 huku na mita 4 kule zinafanya mita za mraba 160, karibu sehemu moja katika tatu. Kama kuko ukuta wa matofali, mapapai na kisima, pale utalima paka na jembe. Na mlango wa kiwanja: trakta itapita wapi?

Kwa bustani ya namna hiyo kuko mashini ndogo ambayo mtu anaifuata kwa miguu akishika mikono yake miwili. Upana wake ni sentimita 60 ama 80, inapita mlangoni na kuzunguka miti. Na kama bustani ni ari moja ama mbili, jembe zuri lenye makali, na watoto wawili siku ya posho, inatosha.

2. Trakta na mashini vipatane kama bwana na bibi

Kosa la wengi ni kununua mashini kubwa kwa trakta dhaifu. Kwa kila mita moja ya upana, hesabu nguvu ya farasi 20 mpaka 25. Mashini ya mita 1 na nusu inataka trakta ya farasi 30 na zaidi, na udongo mgumu unataka zaidi tena. Lakini mashini isiwe nyembamba kuliko nafasi ya magurudumu. Ikiwa nyembamba, gurudumu litakanyaga udongo uliolimwa na kuushindilia upya.

Muuzaji atakuambia: « Iko muzuri, bei yake kidogo. » Wewe uliza maneno haya. Trakta inazungusha ule mti kwa kasi gani? Mashini nyingi za namna hii zinataka mizunguko 540 kwa dakika. Vyuma vitatu vya kufungia nyuma ya trakta vinaingia sawasawa? Kuko buloni dhaifu inayokatika yenyewe visu vikigonga jiwe? Ile buloni ndogo inakatika ili mashini yote isivunjike. Usiibadilishe na msumari ama chuma kigumu. Na visu vya kubadilisha, vinapatikana katika mji wetu, ama paka kwa kuagiza mbali? Kisu ni kitu chenye kulika. Mashini yenye kukosa kisu ni chuma tu.

3. Udongo wetu una tabia yake

Udongo mwekundu wa kwetu, wakati wa kiangazi, ni kama tofali. Visu vinaruka juu yake na trakta inatetemeka. Ngoja mvua za kwanza. Kisha shika udongo mkononi na kuubana. Ukifanya donge na kisha kuvunjika ukiugusa, lima. Ukishikana kama bukari, acha, ungoje siku mbili tatu. Kulima udongo wenye kulowa ni kufinyanga vyungu.

Usipite mara tatu ili udongo uwe laini kama unga. Mvua kubwa za mwezi wa kumi na mbili zitaupiga, utafunga juu kama ngozi na mbegu hazitatoka. Kama kuko mteremko, maji yataubeba. Kupita mara moja, kwa urefu wa sentimita 10 mpaka 15, inatosha. Na kila mwaka ukilima kwa urefu ule ule, chini kutafanyika tabaka gumu. Mizizi na maji vinakwama pale. Mwaka mmoja kwa miaka michache, vunja tabaka lile kwa uma wa bustani ama jembe refu.

Kama shamba lina ndago, ama nyasi zenye mizizi ya kutambaa, mashini itaikata vipande, na kila kipande kitaota. Utakuwa umepanda majani, si mboga. Yang'oe kwanza. Ondoa visiki, mawe na vipande vya chuma, maana viwanja vya karibu na viwanda vina vyuma vingi vilivyozikwa. Kichuguu kikubwa usikigombanie na mashini: zunguka.

Na neno moja kwa sisi wa miji ya shaba. Kuna mahali ambapo moshi na takataka za viwanda vimeingia katika udongo, na mimea ya kawaida inakataa kuota. Hakuna mashini yenye kuondoa shaba ama kobalti katika udongo. Usilime mboga za watoto mahali pale. Tafuta udongo mwingine kwanza, mashini itafuata.

4. Kikwembe na mti wenye kuzunguka

Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Kikwembe kikishikwa, katika sekunde mbili kimekwisha kuzungushwa mara 18, na mama hajapata hata wakati wa kulia. Basi: ule mti wenye kuunganisha trakta na mashini uwe na kifuniko chake siku zote. Kikivunjika, kazi inasimama mpaka kipatikane kingine. Wenye nguo ndefu na watoto wabaki mbali. Hakuna mtoto juu ya trakta, hata kama analia. Majani yakizunguka visu, zima injini kwanza, ondoa ufunguo, kisha toa majani. Vijana, hapa hakuna ushujaa. Mashini haijui kwamba wewe ni hodari.

5. Kununua, kukodi, ama kushirikiana?

Tuseme jamaa 20, kila moja ina ari 5. Zote pamoja ni hektari moja. Kama viwanja vinashikamana na mipaka imewekwa kwa vijiti, trakta itaenda mbele moja kwa moja, na kwa siku moja kazi inakwisha. Kama viwanja vimetawanyika katika mitaa, trakta itachoma mazutu njiani bule. Basi mkitaka mashini, tafuteni kwanza mashamba ya pamoja.

Kwa wengi, kukodi njo njia nzuri. Patana bei kwa kipimo cha shamba, si kwa saa, maana dereva wa saa hana haraka. Andikeni katika daftari: nani analeta mazutu, nani analipa kisu kikivunjika juu ya kisiki.

Mkinunua kwa kikundi, chagueni mtu mmoja wa kutunza mashini na mwingine wa kutunza pesa, wasiwe mtu mmoja. Kila shamba lililolimwa lilipe kitu kidogo kwa sanduku la matengenezo. Bila hivyo, mashini ya wote inakuwa mashini ya hakuna mutu. Na wewe kijana mwenye kupenda injini, jifunze kwanza kuitengeneza. Mwenye kujua kutengeneza atapata mkate hata kama trakta si yake.

Mwishoni, jiulizeni: bustani yenu inakosa nini kweli? Toka mwezi wa tano mpaka wa kumi mvua haiko. Lengalenga, shu na nyanya zinakufa kwa kiu, si kwa kukosa visu. Kulima ni kazi ya siku chache; kumwagilia na kupalilia ni kazi ya kila siku, na ile mashini haifanyi hata moja. Pengine pesa ile ichimbe kisima, inunue mbegu nzuri, samadi na mabomba ya maji, na trakta ikodiwe nusu saa. Bwana Yesu katika Luka 14 alifundisha juu ya mtu mwenye kutaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu. Kuketi na kuhesabu pamoja, baba, mama na watoto, ni kazi ya imani pia.

Ya kuzungumza katika jamaa

– Bustani yetu ni ari ngapi? Nani ataipima juma hili?
– Katika mwaka mzima, kazi gani inatuchosha zaidi: kulima, kupalilia ama kuteka maji?
– Jamaa gani za jirani zinaweza kushirikiana nasi kabla ya mvua?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.