Embu, Meru na hamu ya mahakama za kaunti

Juzi barazani, kahawa ikizunguka, mzee mmoja alisema kaunti zetu hazitakomaa mpaka kila moja iwe na mahakama yake kama majimbo ya Marekani. Wengi waliitikia. Mimi niliondoka nikiwaza Embu na Meru.

Marekani ina mahakama za aina mbili. Kila jimbo lina zake, hadi mahakama ya juu ya jimbo, na huko ndiko kesi nyingi huishia: talaka, wizi, mauaji, mikataba. Kando yake ziko za shirikisho: 94 za wilaya, 13 za rufaa, na Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Majaji wa shirikisho huteuliwa na rais, Seneti ikawaidhinisha. Wa majimbo, wengi wao hupigiwa kura.

Hiyo kura ndiyo inayonitia shaka.

Januari 2014 bunge la Embu lilimtimua Gavana Martin Wambora, wa kwanza nchini kufikwa na hilo. Seneti ikaafiki Februari. Aprili, Mahakama Kuu ya Kerugoya ikafuta yote. Wakamtimua tena! Safari hii Mahakama Kuu ikamkatalia, lakini Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ikampa ushindi. Mwaka 2017 wapiga kura wakamrudisha.

Meru mambo yalikwenda kinyume. Kawira Mwangaza alitimuliwa na bunge la kaunti mara tatu. Seneti ilimwokoa mbili, Agosti 2024 ikamwacha. Mahakama Kuu ilimweka ofisini kwa muda, kisha Machi 2025 ikatupa kesi yake na naibu wake akaapishwa.

Mmoja alipona, mwingine hakupona. Lakini hakuna jaji kati yao aliyehitaji kura ya Embu au Meru, kwa sababu Kenya ina idara moja ya mahakama kwa kaunti zote 47. Hata kadhi wetu halipwi na gavana.

Sisemi tuko salama. Kesi ya shamba la mjomba wangu imepita mikononi mwa mahakimu watatu, kila mmoja akihamishwa shahidi hajamaliza. Tuongezewe majaji Lamu, Kwale na Tana River, hilo naliunga mkono.

Ila mzee wangu, ukigombania kiwanja na mwakilishi wa wadi, utakubali shauri lako lisikizwe na jaji aliyefanyiwa kampeni na mwakilishi huyohuyo?