Batri ao hidrojeni: na siye tuulizwe



Huko Ulaya na Asia wanabishana: gari za kesho zitembee na batri ao na hidrojeni? Hapa Kolwezi wengi wanasema hayo ni mabishano ya wenye gari. Sisi tuko na diploma za universite na hatuna hata mutuka ya mkono wa pili, lakini tunaona yanatuhusu kabisa. Upande mmoja unataka kobalti yetu, mwingine unataka maji ya Inga.

Tuanze na hidrojeni. Hiyo inayoitwa safi haichimbwi. Inatengenezwa kwa kupasua maji na umeme. Tuseme una umeme wa 100. Gari ya batri inafikisha 70 hadi 80 kwenye magurudumu. Ukiugeuza kuwa hidrojeni, uigandamize, uisafirishe, halafu uirudishe kuwa umeme ndani ya gari, inabaki kama 30. Toyota inauza Mirai tangu 2014, na mpaka leo gari za namna hiyo ni chache sana. Kwa gari ndogo, batri imeshashinda. Ni hesabu tu, hatusemi hivyo kwa kupenda kobalti.

Lakini mwaka 2021 kampuni ya Fortescue ya Australia ilijitokeza kwa Grand Inga, na hidrojeni ya kuuza nje ilikuwa ndani ya mpango. Hapo tunakumbuka laini ya Inga–Kolwezi. Kilomita kama 1,700, ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikapita juu ya vijiji visivyopata hata taa moja, ili kulisha mitambo ya shaba. Mpaka leo kuko mama wanaopika na makala chini ya nyaya zilezile. Sasa umeme upakiwe ndani ya meli, na sehemu kubwa ipotee njiani?

Basi batri ituokoe? Polepole. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, lakini inasafishwa zaidi Uchina. Na Wachina haohao wanatengeneza batri za chuma na fosfati, bila kobalti hata gramu moja. Karibu nusu ya batri za gari za umeme ni za aina hiyo. Serikali ilifunga mlango wa kobalti mwezi wa pili 2025, ikafungua mwezi wa kumi kwa kupimia kila kampuni kiasi chake. Bei ilipanda, ndiyo. Ila bei ikipanda sana, mwenye kiwanda cha gari anakimbilia batri isiyo na kobalti. Hilo wakubwa wetu hawalisemi kwa sauti.

Kwa hiyo tunawaomba wabunge wetu: hakuna sahihi ya Inga kwa hidrojeni kabla mkataba haujawekwa hadharani, na uandike umeme kiasi gani unabaki kwa wenyeji. Na franga za kobalti, wakati bado inanunuliwa, zijenge hapa kiwanda cha kuisafisha na shule ya ufundi wa batri. Kati yetu kuko wainjinia wa kemia wanaouza unite za simu barabarani. CV zao ziko tayari.