Niacheni Nisome Vitabu Vyangu 14

Juzi niliposti picha ya meza yangu. Juu yake kulikuwa na kikombe cha chai, simu yenye kioo kilichopasuka, na kitabu kinene kama tofali. Dakika 10 hazikuisha kabla ya msee mmoja kuniandikia: "Sasa bro, hiyo kitu inakulipa?" Mwingine akanishauri nisome vitabu vya biashara, nitajirike kwanza, halafu hizo hadithi za uchawi na mapanga nizisome nikizeeka.

Nilicheka, nikaweka emoji, nikaendelea na maisha. Lakini hilo swali lilikataa kutoka kichwani, kwa hivyo leo nalijibu vizuri.

Hapana. Hainilipi. Hata shilingi.

Kwa wale wageni hapa: niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, muhula ukapita, mwingine ukapita, na mwishowe nikachoka kuwaambia watu narudi Januari. Mchana nafanya kazi kwa saiba, nachapia watu CV na kuwajazia fomu. Usiku natengeneza hizi video za sekunde 60 mnazoziona. Na kwa sababu ni kazi yangu, najua venye mnatazama. Wengi wenu mnaondoka kabla ya sekunde ya nane. Sina ubaya, hata mimi niko hivyo. Ila fikiria kazi yako iwe kila siku kumshika shati mtu ambaye tayari anaenda zake.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyejikuta amesoma vitabu 14 vya hadithi moja.

Ilianza kwa bahati. Nilikuwa tao, kwa wale wauza vitabu wa inama, wanaotandaza mzigo chini kando ya barabara. Kati ya kitabu cha kuwa tajiri na kitabu cha kutawala watu kulikuwa na hicho tofali, The Shadow Rising cha Robert Jordan. Mwenye mali alisema mia mbili. Nikamwambia, mzee, niko na mia na hamsini. Akanipa, halafu akacheka: "Lakini kijana, unajua hicho ni cha nne?"

Sikujua. Nilisoma kurasa 30 nikaona ni kama nimefika harusi ya watu nisiowajua wakati wazee wanatoa hotuba. Kila mtu anajuana na kila mtu. Kuna madeni, kuna machungu, kuna utani ambao wote wanacheka isipokuwa mimi. Mtu mwenye akili angekirudisha. Mimi nilitaka kujua walifikaje hapo. Nilizunguka wiki tatu kutafuta cha kwanza.

Msururu wenyewe unaitwa The Wheel of Time. Jordan alikuwa Mmarekani, na kitabu cha kwanza, The Eye of the World, kilitoka 1990. Kuna kijiji kidogo kinaitwa Emond's Field. Huko kuna vijana: Rand, mtoto wa mfugaji kondoo, Perrin, anayejifunza kazi kwa fundi wa vyuma, Mat, mtundu wa kijiji, na Egwene, binti wa mwenye nyumba ya wageni. Usiku mmoja majitu yanavamia, na mgeni mmoja, mwanamke mwenye nguvu zisizo za kawaida, anawaambia wavulana kwamba wao ndio wanaotafutwa. Wakibaki, kijiji kitaangamia. Basi wanatoroka, na Egwene anakataa kuachwa nyuma. Kuanzia hapo ni vitabu 14, zaidi ya maneno milioni 4.

Najua. Milioni 4. Lakini ngoja nikuonyeshe raha yenyewe iko wapi.

Kwenye kitabu cha kwanza wanapita mji unaoitwa Baerlon. Hapo kuna msichana anaitwa Min, ambaye akimtazama mtu anaona picha zinamzunguka, ishara za mambo yatakayompata. Anazitaja haraka haraka, za huyu na za yule, halafu hadithi inasonga. Unasoma, unasema sawa, unasahau. Moja ya zile alizoona kwa Mat inatimia kwenye kitabu cha 13. Kitabu cha 13 kilitoka 2010! Msomaji aliyenunua cha kwanza kilipotoka alitembea na hiyo mbegu miaka 20.

Mimi nilitembea nayo miezi 11. Siku ilipotimia nilikuwa kazini, mteja anangoja karatasi zake zitoke kwa printa. Nilipiga meza kofi, mteja akauliza kama mashine imekufa.

Siwezi kukupa hiyo raha kwa sekunde 60, hata nikiwa na kamera ya milioni. Ili kitu kikurudie kwa nguvu hivyo, lazima kwanza ukisahau. Na ili ukisahau, hadithi lazima iwe ndefu, uishi ndani yake, ule, ulale, ugombane na watu, mvua inyeshe, iishe. Ule urefu mnaoulalamikia ndio unaofanya kazi yote.

Halafu kuna watu wenyewe. Mhusika wa filamu unamjua masaa mawili, kama mtu mliyekaa naye matatu moja kutoka Thika. Hawa nimekaa nao zaidi ya mwaka. Kuna mmoja anaitwa Nynaeve, mganga wa kijiji, msichana mdogo kwa hiyo kazi, na ana hasira. Akikasirika anavuta msuko wake wa nywele. Na anakasirika kila wakati. Kitabu cha kwanza alinikera mpaka nikaruka kurasa. Kufikia cha mwisho, ungemtukana mbele yangu tungekosana. Sikumbuki ni ukurasa gani nilibadilika. Ni venye tu inatokea na jirani: siku moja unagundua ukipika chapo unamwekea.

Sasa, nisiwadanganye. Kuna sehemu inachosha. Kuanzia kitabu cha nane hivi mpaka cha kumi mwendo unakufa, hata mashabiki wakubwa wanakubali. Kitabu cha kumi ndio usiseme. Kwa kurasa nyingi kinarudi nyuma kutuonyesha huyu na yule walikuwa wapi wakati lile jambo kubwa la kitabu cha tisa linatokea. Hakuna anayefika popote.

Niliposoma hicho cha kumi ilikuwa ile wiki wenzangu tulioanza nao chuo walikuwa wanahitimu. Mnajua venye simu inakuwa hiyo wiki. Joho, kofia, mashada ya shingo, mama na baba katikati. Kila ukifungua ni sherehe ya mtu. Nilipenda zote, manze, nikawaandikia hongera mmoja mmoja, na nilimaanisha. Kisha nikaweka simu chini ya mto nikarudi kwa watu wangu ambao nao walikuwa wamekwama.

Watu wa motivesheni wangetaka niseme hapo kitabu kilinifundisha subira. Hakikunifundisha kitu. Kilinipa mahali pa kukaa. Kwa hiyo wiki moja, hicho ndicho nilichohitaji, na hakuna kitabu cha kuwa tajiri kingenipa.

Hapa ndipo nakuja kwa wewe uliyeuliza kama inanilipa. Umeona venye swali lako halimwendei kila mtu? Mtu mwenye hela akisoma hadithi Jumapili kwa balkoni, watu wanasema anapumzisha akili. Mtu kama mimi, asiye na digrii, analala kwa mathe, akisoma hadithi hiyo hiyo ni uvivu. Ni kama raha yetu lazima itoe risiti. Tukikimbia, ni mazoezi. Tukicheka, tunarekodi. Tukisoma, lazima kitabu kiwe na neno mafanikio kwa jalada. Mimi nimekataa. Nimefanya kazi yangu ya mchana, nimefanya ya usiku, nimenunua unga. Hizo kurasa 40 kabla ya kulala ni zangu.

Na kama ni bei, hakuna raha inayodumu hivyo kwa hiyo pesa. Kila kitabu nilikipata kati ya mia na hamsini na mia tatu, na kila kimoja kilinikalisha karibu mwezi. Niambie kitu kingine mtaani kinakaa mwezi kwa mia mbili.

Na msiniambie eti sisi si watu wa hadithi ndefu. Hao wanaoniambia vitabu 14 ni vingi ndio wale wanafuatilia soap kwa TV kila jioni, mwaka mzima, na ukipita mbele ya skrini unarushiwa slipa. Hata kabla ya TV, Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka wa 1728, na una zaidi ya beti 1,000. Watu waliketi wakausikiliza, na hakuna aliyeomba kifupisho.

Kuna jambo moja kuhusu huu msururu ambalo nilikutana nalo nikiwa nimefika kitabu cha 11, na sikuwa tayari. Jordan hakumaliza. Mwaka wa 2006 aliwaambia wasomaji anaugua ugonjwa adimu unaoshika moyo. Alijua hadithi inaishia wapi, kwa hivyo akaanza kuacha maandishi na kuwasimulia watu wa nyumbani kwake sehemu zilizobaki. Alifariki Septemba 2007, akiwa na miaka 58.

Mkewe, Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wake. Yeye ndiye aliyemchagua mwandishi kijana, Brandon Sanderson, aliyekuwa amevisoma vitabu hivyo tangu akiwa tineja, amalizie. Ilipangwa kiwe kitabu kimoja. Vikawa vitatu. Cha mwisho, A Memory of Light, kilitoka Januari 2013, na ile sehemu ya mwisho kabisa ni maneno ambayo Jordan aliyaacha ameandika mwenyewe.

Nilipofika hapo nililia, na sioni haya kusema. Mtu akiacha kitu katikati, jina lake linakuwa hilo: aliyeacha. Nimelisikia kwa harusi, kwa matanga, kwa shangazi kwa simu. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kitu kilichoachwa katikati kinaweza kubebwa na watu wengine waliokipenda, kikafika. Lakini nimekifikisha mimi pia, ukifikiria. Mtu anayesoma hadithi mpaka mwisho naye ameibeba.

Kama nimekushawishi, chukua ushauri wa mtu aliyeumia. Anza na msururu uliokwisha. Ule wa George R. R. Martin ni mtamu, lakini kitabu cha tano kilitoka 2011 na mpaka leo ninapoandika watu bado wanangoja cha sita. Mimi sipendi kuachwa stejini. Hata hii Wheel of Time ilifanywa series ya TV mwaka wa 2021, ikakatizwa 2025 baada ya misimu mitatu, kwa hivyo walioitazama tu wameachwa njiani. Sisi wa vitabu tumefika nyumbani. Ukiogopa 14, kuna Robin Hobb. Ana vitabu 16 vya ulimwengu mmoja, kuanzia Assassin's Apprentice cha 1995, lakini vimegawanywa mafungu, kwa hivyo ukisoma vitatu vya kwanza unaweza kupumua. Na nunua kimoja kimoja. Kutafuta kile kinachofuata ni nusu ya raha.

Tukimaliza, niwaambie kuhusu mathe. Yeye alikuwa wa kwanza kuuliza hilo swali lenu. "Hivyo vitabu vitakupeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Halafu usiku mmoja stima ikapotea mtaa mzima, simu yake haina moto, soap yake imekatika pabaya. Tukakaa gizani. Akasema, "Haya, nisimulie hayo mambo yako."

Nikaanza na kijiji, na usiku wa kuvamiwa, na vijana wanatoroka. Alikuwa ananisikiliza nusu nusu. Kisha nikafika mahali Nynaeve anagundua vijana wa kijiji chake wameondoka. Anafunga safari peke yake, anafuata nyayo zao porini mpaka anawapata Baerlon, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na jukumu lao na lazima awarudishe nyumbani.

Mathe akanyamaza. Kisha akauliza, "Alitembea peke yake?"

"Peke yake."

"Huyo ndiye mtu wa maana hapo."

Stima ilirudi, hakuwasha TV mara moja. Tangu siku hiyo, karibu kila Jumapili jioni namsimulia kidogo. Yule mganga anamwita "wa nywele". Wengine wote anawalaumu, huyo haguswi. Jana ameniuliza kama wa nywele alifanikiwa kuwarudisha watoto nyumbani. Sijamwambia. Tumefika kitabu cha sita.

"Vimebaki vingapi?" akauliza.

"Vinane."

"Sawa," akasema, akavuta stuli, akaweka miguu juu.