SAUTI YA MWANAO IPO SOKONI, WEWE UKO WAPI?



Ndugu yangu Muislamu, wiki iliyopita baada ya swala ya Isha alinifuata kijana niliyemsomesha madrasa tangu juzuu Amma. Ana sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Maulidi yoyote mtaani kwetu, qasida ya mwisho aliachiwa yeye. Miaka miwili iliyopita akaingia kwenye Bongo Fleva. Safari hii alikuja na karatasi mkononi: "Ustadh, nisomee mkataba wangu."

Umeandikwa Kiingereza. Nikausoma taratibu, kamusi pembeni. Gharama za studio, video, nguo, hadi gari la kukodi, zote ni deni lake na zinakatwa kwanza kwenye mapato. Rekodi za nyimbo si mali yake. Nikamuuliza, "Ulisoma kabla ya kusaini?" Akainamisha kichwa. "Nilikuwa na haraka, Ustadh."

Sitaificha hukumu. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamekataza ala za muziki, isipokuwa dufu harusini na mfano wake. Wapo wachache waliosema vingine, kama Ibn Hazm. Mimi nafuata walio wengi, na nilimwambia wazi: mwanangu, njia hii sikushauri.

Lakini ningeishia hapo ningekuwa nimesema nusu ya haki. Nusu ya pili inatuhusu mimi na wewe.

Alipokuwa anatusomea qasida tulimpa nini? Sahani ya pilau na soda. Mwenye maturubai tunamlipa. Mwenye spika tunamlipa. Mpishi tunamlipa, tena kwa kupatana bei. Msomaji tunamwambia, "Allah atakulipa." Ni kweli atamlipa. Je, kodi ya chumba chake mwisho wa mwezi? Akaja mtu na gari na ahadi, kijana akaenda. Leo tunamwita aliyepotea. Nani alimsindikiza mpaka mlangoni?

Kumbuka adhana ilivyoanza Madina. Aliyeiota ni Abdullah bin Zayd, lakini Mtume (s.a.w.) alimwagiza amfundishe Bilal, kwa sababu ya sauti yake. Kipaji kilionekana, kikapewa kazi.

Kwako kijana: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wewe unasaini miaka yako peke yako, usiku, bila mzazi wala shahidi? Hata qasida uliyoitunga mwenyewe ni mali. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo. Usimpe mtu kazi yako bila maandishi unayoyaelewa. Hukuelewa, usisaini. Tafuta mwanasheria, au mtu mzima unayemwamini akusomee.

Kwako mzazi: usimfukuze mtoto nyumbani kwa sababu ya muziki. Ukimfunga mlango, atakayemfungulia humjui.

Kwetu viongozi wa misikiti: tutenge fungu la muadhini, la walimu wa madrasa, la vijana wa qasida. Mimi nimeanza na kamati yetu. Kikao cha kwanza walinicheka. Nitarudi kikao cha pili, inshaallah.

Yule kijana bado yumo ndani ya mkataba. Jana alfajiri nilimwona safu ya nyuma. Sikumuuliza kitu. Nilimpa kipaza sauti, akakimu swala.

Allah awahifadhi vijana wetu na atusamehe tulipowaacha. Amin.

Wallahu a'lam.