Kichekesho kilichowacheka wafadhili kikakosa wa kukifadhili

UKIINGIA Sumbawanga kwa barabara ya Tunduma, kabla hujauona mji vizuri utakutana na mabango. Hili linasema kisima kimefadhiliwa na fulani, lile linasema darasa limejengwa kwa hisani ya fulani, na jingine limepauka kiasi kwamba jina la mfadhili halisomeki tena. Hata lami unayopita ina historia ya namna hiyo. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 220, ilijengwa kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia (MCC) wa Marekani, chini ya mkataba wa dola milioni 698 uliotiwa saini Februari 2008 wakati wa ziara ya Rais George W. Bush nchini.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980 na 1990, ilikuwa zamu ya Norway. Kupitia shirika lake la NORAD, nchi hiyo iligharamia miradi ya maji pamoja na mpango wa maendeleo vijijini mkoani Rukwa uliojulikana kwa kifupi kama RUDEP. Wazee wa Ufipa wanaokumbuka magari ya mpango ule wanajua pia neno ambalo kila mradi huja nalo: mradi unaisha.

Ni kwa sababu hiyo mwandishi wa makala haya anaona kuwa habari ya kichekesho kimoja cha televisheni kilichotengenezwa Nairobi zaidi ya miaka kumi iliyopita inawahusu sana watu wa uwanda huu, ingawa wengi wao hawakupata kukiona. Kinaitwa The Samaritans, yaani Wasamaria. Kilizaliwa kwa kishindo, kikaandikwa na magazeti na redio za nchi za Magharibi, kisha kikanyamaza.

Shirika la kusaidia misaada

Kichekesho hicho kilibuniwa na Hussein Kurji, mtayarishaji wa Kenya, kupitia kampuni ya Xeinium Productions. Mandhari yake ni ofisi ya Nairobi ya shirika la kimataifa lisilo la kiserikali, la kubuni, liitwalo Aid for Aid. Kwa Kiswahili tungeliita Msaada kwa ajili ya Msaada, na mzaha wote umo ndani ya jina hilo. Ni shirika ambalo kazi yake kubwa ni kuendelea kuwapo. Makao makuu yako mbali Ulaya na hutoa maagizo yasiyoeleweka, na watumishi wa Nairobi wanahangaika kuandika andiko kubwa la kuombea fedha. Mlengwa, yule mnyonge ambaye kwa jina lake fedha zinaombwa, haonekani kwa urahisi.

Mtindo uliotumika ni ule wa filamu ya kumbukumbu ya uongo, ambapo kamera inajifanya inafuatilia maisha halisi ya ofisi na wahusika wanageuka kujieleza mbele yake. Ni mtindo uliopata umaarufu duniani kupitia The Office, kichekesho cha BBC kilichoanza mwaka 2001 na baadaye kutengenezewa toleo la Marekani lililodumu kwa misimu tisa, kuanzia 2005 hadi 2013.

Sehemu mbili za kwanza za The Samaritans zilitolewa mwaka 2014. Hazikuanzia katika kituo kikubwa cha televisheni. Ziliwekwa kwenye intaneti, mtazamaji akitakiwa kulipia ili kuziona, na watengenezaji wakauomba umma wa dunia uwachangie kupitia mtandao ili wamalizie zilizobaki. Mapokezi yalikuwa ya furaha, hususan miongoni mwa wafanyakazi wa mashirika yenyewe, ambao walijiona kama waliopigwa picha bila kujua. Pamoja na hayo, kichekesho hakikupata nafasi ya kudumu katika ratiba za televisheni za eneo letu, kama walivyoipata Vitimbi huko Kenya au Mizengwe hapa kwetu.

Nani analipia kicheko?

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini kazi iliyosifiwa na wageni na wenyeji ikose maisha marefu? Jibu linahitaji kuangalia jinsi burudani yenye ujumbe inavyolipiwa katika Afrika Mashariki.

Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliogharamiwa kwa fedha za Umoja wa Mataifa kupitia mfuko wake wa idadi ya watu, UNFPA. Mchezo ulihusu uzazi wa mpango na ukimwi. Wasikilizaji wa wakati huo hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori aliyejiona mjanja wa kila kituo mpaka maradhi yakamfika. Watafiti waliupima kwa kulinganisha maeneo yaliyousikia na eneo la Dodoma ambalo kwa miaka miwili ya kwanza halikurushiwa, nao wakakuta kwamba watu walikuwa wamebadili mienendo.

Desemba 2012 ikaja Siri ya Mtungi, tamthilia ya televisheni iliyopigwa Bagamoyo, ikimhusu mpiga picha kijana aitwaye Cheche na familia yake. Picha zake zilikuwa za kupendeza, lugha yake Kiswahili fasaha, na waigizaji wake walituonyesha kwamba Tanzania inaweza. Nayo ililipiwa na fedha za Marekani, zile za mpango wa dharura wa ukimwi (PEPFAR). Ilikwenda awamu mbili, kisha ikakoma.

Kenya nako, mwaka 2009, vikaragosi vya The XYZ Show vilianza kuwasuta wanasiasa katika Citizen TV. Mwasisi wake ni mchora katuni Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam. Kutengeneza vikaragosi vya mpira ni kazi ghali, na miongoni mwa waliochangia gharama ni Ford Foundation ya Marekani.

Hapa ndipo penye fundo. Mfadhili aligharamia mchezo wa kumfundisha mkulima uzazi wa mpango. Mfadhili aligharamia tamthilia ya kumfundisha kijana kujikinga. Mfadhili aligharamia hata vikaragosi vya kumcheka waziri. Yote hayo yana manufaa yake na hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini ikija zamu ya kumcheka mfadhili mwenyewe, fungu hilo linatoka wapi? Katika bajeti ya nani kuna mstari wa kulipia kioo cha kujitazamia?

Si kusudi la makala haya kudai kwamba kuna aliyekaa mahali akaamua kuinyima fedha The Samaritans. Hoja ni rahisi kuliko hiyo. Katika soko ambalo mnunuzi mkubwa wa hadithi ni mmoja, hadithi inayomhusu mnunuzi huyo hukosa dirisha la kuuzia. Hakuna anayehitaji kuipiga marufuku.

Makosa ya ndani nayo yapo

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Wapo watakaosema kwamba kichekesho kile kilijifunga chenyewe, nao hawakosei. Kilitumia Kiingereza. Kililipiwa kwa njia za malipo za mtandaoni ambazo mtu wa Nairobi mwenye kadi ya benki alikuwa nazo, lakini si mwenye duka wa Laela wala mwalimu wa Namanyere. Tena mwaka 2014 kutazama video kwenye intaneti mkoani Rukwa lilikuwa jambo la anasa. Kumbuka kwamba kwa miaka mingi mkoa huu haukuunganishwa na gridi ya taifa, na umeme wa Sumbawanga ulitegemea nyaya zinazotoka Zambia.

Kwa hiyo kichekesho cha misaada kiliishia kutazamwa zaidi na watoa misaada kuliko wapokeaji. Wenye ofisi wakacheka wenyewe kwa wenyewe, wakarudi kazini. Hicho nacho ni kichekesho.

Inasikitisha kwa sababu mtazamaji aliyestahili yuko huku. Mtu wa Ufipa hahitaji kufafanuliwa maana ya semina ya siku tatu inayoanza kwa kujitambulisha na kumalizika kwa picha ya pamoja. Anajua tofauti ya posho ya mjini na posho ya kijijini. Anajua kwamba mgeni akija kukagua, pampu iliyokufa tangu masika hupata fundi jana yake. Anajua maneno "wadau", "uwezeshaji" na "uendelevu", na anajua kuwa hilo la mwisho ndilo hutajwa zaidi kadiri mradi unavyokaribia kufungwa. Anayajua haya bila chuki, kwa sababu anajua pia kwamba maji ya NORAD aliyanywa, na lami ya MCC imefupisha safari yake.

Badala yake, vichekesho vya mijini vimemfanya yeye ndiye wa kuchekwa. Kwa miaka mingi jina la Sumbawanga limetumika katika mizaha kama kisawe cha uchawi na radi, ilhali tafsiri inayotolewa na wenyeji wengi ni kinyume chake: sumba wanga, yaani tupa uchawi. Mchekeshaji akikosa la kusema hutaja Sumbawanga, watu wakacheka. Ni mzaha rahisi usiohitaji utafiti wala ujasiri, na unaelekezwa kwa asiye na kituo cha televisheni cha kujibu. Kumcheka aliye mbali ni rahisi. Kumcheka anayelipa ndiyo kazi.

Ufupi si aibu

Pasiwe na anayedhani kwamba kichekesho kifupi ni kichekesho kilichoshindwa. Fawlty Towers ya John Cleese, ambayo Waingereza huihesabu miongoni mwa vichekesho bora walivyowahi kutengeneza, ina sehemu 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za 1979. The Office ya Uingereza nayo ilisimama mwaka 2003 ikiwa na sehemu 14. Waandishi wao waliacha walipotaka.

Tofauti ni kwamba nyuma yao palikuwa na BBC, inayoendeshwa kwa ada ambayo kila kaya yenye televisheni hulipa. Mtazamaji ndiye mwenye mali, na mtazamaji hachukii kuona wakubwa wakisutwa. Kwetu Tanzania Bara televisheni yenyewe ilichelewa. Wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, Bara ilisubiri hadi 1994, ikaanza na vituo binafsi vinavyotegemea matangazo ya biashara. Muuza sabuni hana ugomvi na mzaha wa mama mkwe, lakini mzaha unaogusa serikali au mashirika makubwa humtia wasiwasi.

Sasa mfadhili ameondoka

Mambo yamebadilika ghafla. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikoma kufanya kazi kama chombo kinachojitegemea, shughuli zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Ofisi nyingi zilizofanana na ile ya Aid for Aid zilifungwa kweli, na watumishi wake, ambao wengi ni vijana wetu wenye familia, wakarudi nyumbani na barua. Walioumia zaidi ni wagonjwa waliotegemea huduma zile. Hapo hapana cha kucheka.

Lakini ni wakati kama huu taifa linapohitaji kujisimulia kilichotokea. Miaka arobaini ya miradi ilitujenga nini na ikatuharibu nini? Kwa nini kijiji kimoja kilikilinda kisima chake na kingine kikasubiri mradi mwingine? Ripoti za tathmini ziliandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa zilikotoka fedha. Kichekesho kizuri cha Kiswahili kingeweza kutoa tathmini ambayo mlengwa mwenyewe angeielewa.

Na safari hii yupo anayeweza kukilipia. Tangu miaka ya 2010, chaneli za kulipia kama Maisha Magic Bongo ya DStv na Sinema Zetu ya Azam zimeonyesha kwamba Mtanzania yuko tayari kutoa fedha yake mwenyewe kutazama tamthilia ya Kiswahili. Tamthilia kama Huba imedumu kwa miaka bila kuhitaji mfadhili wa kutoa mafunzo. Mpaka sasa fedha hiyo imekwenda zaidi kwenye mapenzi, wivu na mirathi. Hakuna sheria inayosema lazima ibaki huko.

Wenye chaneli hizo wanapaswa kujua kwamba hadithi ya ofisi ya mradi katika mji mdogo wa nyanda za juu, yenye dereva anayejua kila kitu, mkurugenzi asiyejua chochote na mwenyekiti wa kijiji anayewazidi wote akili, inasubiri mwandishi. Haihitaji vikaragosi vya gharama. Inahitaji chumba, meza, gari moja jeupe na watu wanaokijua wanachokisema. Watu hao wako Sumbawanga, Matai na Mtowisa, si Nairobi wala London.

The Samaritans ilitufungulia mlango, ikaishia kizingitini kwa sababu ilitegemea kicheko cha yule yule iliyekuwa ikimcheka. Atakayeurudia mlango huo na aingie na mtazamaji wake mkononi. Mgeni aliyekuwa akilipia ngoma ameshaondoka. Sasa tutajua kama tulikuwa tunacheza kwa sababu tunaipenda ngoma au kwa sababu ya posho.