Mali inaonekana, shofere hasikiki

Bandugu wafanya kazi, bamama wa nyumbani, sisi wa sendika tunaandika hii juu ya wale wenye kutoka Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi na kuingia mu njia kwenye telefoni inakufa.

Mu musimu wa mvua uliopita, motokari ya wapima mawe ilikwama mu matope ngambo ya Mitwaba, njia ya kwenda Manono. Walipokuwa wanaiinua, kriki iliteleza, chuma ikavunja muguu wa mwenzetu. Hakuna rezo. Shofere alitembea kwa muguu mpaka alipopata mutu wa kinga wa kupeleka habari. Musaada ulifika siku ya tatu. Mwenzetu yuko muzima, lakini muguu ulikatwa.

Sasa sikieni. Ile motokari ilikuwa na GPS yenye kutuma alama ku satelite. Biro ya mjini ilikuwa inaiona kila saa! Tulipouliza kwa nini hawakutuma watu, walitujibu: tuliona imesimama, tukafikiri wanapumuzika.

Basi hii ndiyo shida yetu. Ile GPS inajibu swali ya tajiri: mali yangu iko wapi? Swali ya mama ya shofere, mutoto wangu yuko muzima, haiwezi kuijibu. Wameipa motokari macho ya kuilinda, mutu hawakumupa kinywa.

Na wasituambie ni bei. Vyombo viko. Kuko kachombo ka ujumbe wa satelite, kama inReach ya Garmin, kanaingia mu mufuko wa shati. Unaandika maneno machache, herufi 160 hivi, yanapita ku satelite za Iridium zenye kufunika dunia yote, na jibu inarudi. Kako na kifungo cha SOS. Bei ni dola mamia machache, na kuko abonema ya kila mwezi. Ni karibu bei ya mupira mumoja wa kamio. Lakini kanataka kuona mbingu: chini ya miti mingi ujumbe unakawia, ni lazima kutoka pahali pa wazi.

Kuko tena foni. Wazee wanaikumbuka: mbele ya telefoni za mukono, bamisioneri na wachuuzi walikuwa wanaongea nayo toka mjini mpaka mu mungini. Redio ya HF ya wati 100, batri ya volti 12, waya kati ya miti mbili, basi. Sauti inapanda juu, inarudishwa chini, inafika kilometa mamia. Hakuna abonema, na yenye ilikwisha kutumiwa inafaa bado. Kamio nyingi ziko na volti 24, kwa hiyo inataka chombo cha kupunguza. Na radi ikianza, toa waya ya antena. Zile redio ndogo za mukono ni za kuongea kati ya motokari zenye kufuatana tu, hazifiki mbali.

Wengine watasema: vijana wajifunze redio ya amateri. Ni vizuri, tunawasukuma. Wa kwetu wanaitana na majina yenye kuanza na 9Q. Lakini ile ni ya mutu binafsi, haiko ya biashara. Kampuni iombe masafa yake kwa ARPTC na ilipe. Isijifiche nyuma ya vijana wetu.

Lakini chombo bila mutu wa kusikiliza ni chuma tu. Ndiyo maana tunaomba mambo tatu. Kwanza, kila motokari yenye kutoka mu rezo ibebe chombo cha kuita, na kikae mu mikono ya shofere, si mu sanduku ya chefu. Pili, saa ya habari: saa sita ya muchana na saa kumi na mbili ya mangaribi, shofere anatuma neno. Akikosa mara mbili, biro inatuma watu palepale, haingoji asubui. Tatu, abonema ni ya kampuni. Isikatwe hata franka moja ku mushahara.

Hatuombi zawadi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamupa mwenye kazi muzigo wa kulinda wafanya kazi, na inaweka komite ya usalama na usafi mu kampuni. Badelege, pelekeni hii neno mu mukutano unaokuja, na muangalie iandikwe mu kitabu. Neno isiyoandikwa watasema hawakuisikia.

Na ninyi bamama, mbele bwana apande motokari, mumuulize neno moja: huko rezo inakoisha, utatuita na nini? Kama hana jibu, asione haya kuuliza chefu wake. Sisi tuko nyuma yake.