Kamba Bila Kikomo: Nani Aliyelipa?



Mwaka 2024 ulimwengu ulicheka sana uliposikia kwamba kampuni moja ya mikahawa ya Marekani imefilisika kwa kuwalisha watu kamba. Ilisemwa kwamba walafi wameila kampuni mpaka ikaisha. Sisi hatuukubali mzaha huo. Wanachama wetu wengi wanahudumu mezani na jikoni katika mahoteli ya Kampala, Entebbe na Jinja, na tumeona inafaa jambo hili lielezwe kwa upande wa aliyebeba sahani.

Kampuni yenyewe ni Red Lobster. Ilianzishwa na Bill Darden mwaka 1968 katika mji wa Lakeland, jimbo la Florida, ili mtu wa kawaida naye apate kula samaki, kamba na kaa bila ya kuvaa tai. Nia hiyo hatuilaumu hata kidogo. Mfanyakazi ana haki ya kutoka na watoto wake siku ya mapumziko, akaketi, akahudumiwa na yeye. Tunaokwenda Ggaba kula samaki wa kukaanga tunaijua raha hiyo.

Basi mwezi Juni 2023 wakuu wa kampuni wakatangaza kwamba kwa dola 20 mteja atakula kamba kadiri apendavyo, siku yoyote. Zamani mpango huo ulikuwa wa muda tu. Sasa ukafanywa wa kudumu. Wateja wakamiminika. Hapa tunamwomba msomaji amwache mlaji kidogo, amtazame mhudumu.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu apokeaye bakshishi dola 2 na senti 13 kwa saa. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1991 na hakijapandishwa. Yako majimbo yaliyoweka kiwango bora zaidi, lakini Texas, kwenye mji mkubwa wa Houston, inafuata kile kile cha 1991. Kinachobaki mhudumu hukitafuta mfukoni mwa mteja. Bakshishi isipomfikisha kwenye dola 7 na senti 25 kwa saa, mwajiri anapaswa kujaza pengo. Ni maneno mazuri kwenye karatasi, lakini kila aliyewahi kumdai mwajiri pengo lolote anajua kazi yake.

Tupige hesabu. Watu wawili wameketi, bili yao ni dola 40. Wakitoa bakshishi ya asilimia 15, mhudumu anapata dola 6. Kama wangekula sahani moja moja wakaondoka, meza ingepata wageni wengine na bakshishi nyingine. Lakini kamba hawana kikomo, kwa hiyo wageni wanakaa saa mbili. Sahani ya tatu, ya nne, ya sita. Kila mara mhudumu anakwenda jikoni, anaondoa mikia na mabakuli ya mchuzi, anajaza vinywaji, anatabasamu. Na mpishi naye hatoki kwenye mafuta ya moto. Mwisho wa yote bakshishi ni dola 6 zile zile. Kampuni ilikuwa inagawa bure kamba wake, na pamoja na kamba ilikuwa inagawa bure miguu ya wahudumu.

Na kamba hao walitoka wapi? Mwenye hisa mkubwa wa Red Lobster wakati huo alikuwa Thai Union, kampuni ya Thailand iuzayo samaki na kamba duniani kote. Iliingia mwaka 2016 na kushika hatamu mwaka 2020. Yaani mwenye mkahawa ndiye pia aliyeuuzia mkahawa kamba. Katika hati zilizopelekwa mahakamani, uongozi mpya ulisema unachunguza namna ununuzi huo ulivyoendeshwa. Thai Union ilikana lawama. Sisi si mahakimu. Lakini tunakumbuka kwamba mwaka 2015 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walifichua utumwa katika uvuvi na umenyaji wa kamba huko Asia ya Kusini-Mashariki, na watu zaidi ya 2,000 wakakombolewa. Baada ya hapo Thai Union iliahidi kuacha kuwatumia wamenyaji wa nje. Mnyororo wa sahani ile ni mrefu, na kila pingili ina mtu.

Tena kulikuwa na jambo la viwanja, na hili ndilo waliocheka hawakulisimulia. Mwaka 2014 kampuni ya fedha iitwayo Golden Gate Capital iliinunua Red Lobster kwa dola bilioni 2.1, na papo hapo majengo na ardhi vikauzwa kwa kiasi cha dola bilioni 1.5. Mikahawa iliyokuwa inakaa kwake ikawa mpangaji. Mwaka 2023 kodi zilifika zaidi ya dola milioni 190. Hasara ya kamba wasio na kikomo ilitajwa kuwa dola milioni 11. Hebu pima mwenyewe lipi zito.

Mwezi Mei 2024 mikahawa zaidi ya 50 ilifungwa kwa mkupuo, vyombo vikapigwa mnada, na wiki hiyo hiyo haijaisha vizuri kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi. Ilikuwa na wafanyakazi wapatao 36,000. Baadaye mwaka huo ikapata wenye mali wapya. Waliouza viwanja walikwisha ondoka na fedha zao zamani.

Msomaji atasema Houston ni mbali. Ni mbali, ndiyo. Lakini kima cha chini cha mshahara cha Uganda kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge likapitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, na Rais akakataa kuutia sahihi. Wamarekani wana 1991 yao, sisi tuna 1984 yetu. Na kwao kuna waliokwisha amka: mwezi Oktoba 2023 baraza la jiji la Chicago lilipitisha sheria ya kuuondoa hatua kwa hatua ule mshahara mdogo wa wahudumu.

Kwa hiyo tunayaomba matawi ya mahoteli na mikahawa, mkataba utakapojadiliwa tena, yadai mambo mawili. Bakshishi isihesabiwe kamwe kuwa sehemu ya mshahara. Na meneja akitaka kutangaza chakula cha bei moja bila kipimo, kwanza akae na kamati ya wafanyakazi, waandikiane ni watu wangapi watakaoongezwa zamu hiyo na watalipwa nini.